Kumleta Baba kutoka Kintinku kwa Gari la Vitufe

Nilikwenda Kintinku kwa sababu ya kidonda. Kilianza kama lengelenge kwenye kidole cha mguu wa baba, na kwa kuwa ana kisukari, hakikupona. Alipokuja Singida mara ya kwanza, daktari alimwita pembeni mdogo wangu Yona, akamwambia mguu utakatwa chini ya goti na tusicheleweshe. Baba hakusikia hayo. Alitaka arudi kwanza nyumbani Kintinku akaangalie uwele wake shambani, akarudi. Mimi na Yona tukakubaliana kumwambia kwamba hospitali wanamwita kusafishwa kidonda tu. Kupanda basi hakuweza tena, kwa hiyo likabaki gari letu.

Niliondoka asubuhi nyumbani kwetu Unyambwa, pembeni ya mji wa Singida. Gari lenyewe ni la familia, la juu, lililotumika Japani kabla halijafika kwetu. Usukani wake una vitufe pande zote mbili. Vya kushoto vinapandisha na kushusha sauti ya redio, vinaruka wimbo, na kimoja kina alama ya simu. Vya kulia ni vya mwendo. Nilipoliona mara ya kwanza nilidhani ni mapambo. Mume wangu alinikalisha humo, akanifundisha mpaka kidole gumba changu kikajua njia chenyewe.

"Mama Elia," alikuwa akisema, "macho barabarani, mikono usukanini. Mengine yote yatakufuata hapo hapo."

Kabla ya Ikungi nikaona maana yake. Mbuzi walikuwa wakivuka, na mteja wangu wa mafuta ya alizeti akapiga simu. Kwa gari letu la zamani ningeanza kuchimba mkoba kutafuta simu, na kwa namna hiyo nilishawahi kuponea chupuchupu kuingia mtaroni. Safari hii nilibonyeza tu kitufe cha simu, nikamwambia mafuta yapo, huku mbuzi wa mwisho akimaliza kupita.

Kutoka Ikungi kwenda Manyoni barabara imenyooka na inalevya. Ukiingia kijijini unatakiwa kwenda hamsini, na mguu husahau. Nilikuwa naweka hamsini kwa kitufe, gari linashikilia lenyewe, na nikigusa breki linaachia. Trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo alinitazama, akageukia lori lililokuwa nyuma yangu.

Saranda nilizima mambo hayo. Barabara inateremka kwa kona hadi bondeni, na pale unahitaji mguu wako na gia zako. Chini kukawa na joto na vumbi, kisha nikaona mabati ya Kintinku.

Mama alinipokea kwa ugali wa uwele na mlenda. Baba alikuwa amekaa, mguu juu ya kigoda, umefungwa kitambaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hao madaktari kusafisha kidonda tu mpaka nipande gari?"

"Wana dawa zao kule, baba," nikasema, nikainamia chakula.

Kesho yake asubuhi nilimkalisha kiti cha mbele ili aunyooshe mguu. Alimuaga mama akiwa dirishani, akamkumbusha ndama afungwe. Njiani alishangaa redio ikipungua bila mimi kuigusa. Nikamwonyesha kitufe. Akacheka, akasema gari limekuwa na adabu.

Tulikuwa tumemaliza kupanda Saranda, Manyoni haiko mbali, simu ikaita. Kidole kikabonyeza kabla kichwa hakijafikiri.

"Dada, mmeshatoka?" Ilikuwa sauti ya Yona, ikitoka kwenye spika za milango yote minne. "Mzee hajashtuka? Usije ukamwambia wanakata mguu. Akijua atashuka hapo hapo. Tutamwambia—"

Nilitaka kukata. Nikakosea kitufe, nikapandisha sauti.

"—AKISHALAZWA!"

Baba aliinama kuelekea dashibodi.

"Yona."

"Baba? Shikamoo baba."

"Marahaba. Wanakata wapi?"

"Chini ya goti, baba."

"Nisipokatwa?"

"Wanasema sumu itapanda. Tutakupoteza."

"Haya," baba akasema. Kisha akanigeukia. "Simamisha gari."

Nilisimama kando ya shamba la alizeti. Baba aliutazama mguu wake.

"Mama yenu anajua?"

"Hajui, baba."

"Kwa hiyo nimemuaga kama mtu anayekwenda gulioni." Akafunga macho. "Geuza."

"Baba, tafadhali, daktari alisema—"

"Geuza, Debora. Sijakataa kwenda. Nataka mama yenu aambiwe na mimi."

Tukateremka Saranda tena, redio imezimwa. Nyumbani aliniomba nibaki garini. Kupitia kioo nilimwona mama akichambua mboga, akasikiliza, akashika kichwa kwa mikono miwili. Halafu mama akaingia ndani, akatoka na kanga mbili na sufuria, akamwita jirani amwachie kuku na ndama, akapanda kiti cha nyuma.

"Mama, nawe unakuja?"

"Ulitaka nisubiri simu?"

Baada ya Manyoni Yona akapiga tena. Nikapokea, nikawahi: "Yona, uko kwenye spika. Baba yupo na mama yupo."

"Shikamooni," akasema kwa sauti ndogo.

Wakaongea mpaka karibu na Ikungi: nani atalala nyumbani, ng'ombe wa kulimia wakae kwa nani, mama atafikia wapi mjini. Mimi niliendesha tu, mikono yote miwili usukanini, nikichangia neno pale nilipoulizwa. Sijui kama familia yetu iliwahi kukaa kikao kizuri kama kile.

Singida, hospitalini, daktari alianza kuzunguka na maneno. Baba akamsaidia.

"Nimeshaambiwa, daktari. Kateni hapo mlipoona."

Walikata. Alipata homa, tukaogopa, ikapita. Alipopona kidonda tulimrudisha Kintinku, Yona naye akiwemo. Uani baba alijiweka sawa kwenye magongo yake, akamtazama Yona.

"Siku nyingine ukiwa na neno langu, niletee mimi."

"Nimesikia, baba."

Akaingia ndani bila kushikwa mkono.

Kuhusu vile vitufe, navisifu mpaka leo: vimeniondolea hatari nyingi za kila siku, ila mtu akinipigia nikiwa njiani kwanza namwambia tuko wangapi garini. Na kuhusu baba, nilijifunza kwamba habari ile aliiweza tangu mwanzo. Walioiogopa tulikuwa mimi na Yona.