Kiti cha Kaka Yangu

Mgeni aliyetaka kupanda ndege kutoka Bukoba kwenda Mwanza miaka ile alilipa nauli ya wageni, tena kwa fedha za kigeni. Sisi wenyeji tulilipa kwa shilingi, na nauli yetu ilikuwa ndogo sana kuliko yao. Nilikuwa karani wa tiketi katika ofisi ya wakala, chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo. Ilikuja mara mbili kwa wiki, mvua ikiruhusu.

Wageni waliniuliza kama hakuna njia ya kupata nafuu. Njia ilikuwepo, ila sikupenda kuitaja. Wengi waliokata tiketi mapema walikuwa wagonjwa wanaopelekwa hospitali kubwa ya Mwanza, na wengine siku ya safari ilifika wao wakiwa wameshatutoka. Asubuhi nilisimama kiwanjani na orodha yangu, nikaita majina, kila jina mara tatu. Siku moja mtu alikuja mbio kutoka barabarani kuniomba niache kuita, kwa sababu mwenye jina walikuwa wamemzika jana yake. Kiti cha namna hiyo kilikuwa kimeshalipiwa kwa shilingi. Familia ikikubali, mgeni alikikalia kwa jina la marehemu, na mkuu wangu wa kazi aligeukia upande wa ziwa kama mtu asiyeona.

Miaka kama minane baada ya vita vyetu na Uganda, aliingia ofisini mama mmoja wa makamo kutoka Mbarara, huko huko Uganda. Kinyankole chake na Kihaya changu vilielewana bila shida. Alisema binti yake alimfuata mchuuzi wa samaki hadi visiwa vya Muleba. Sasa mchuuzi amekufa, na barua imemfikia kwamba binti amelazwa Mwanza, hana mtu wa kumpa hata uji. Meli ilikuwa kwenye matengenezo. Barabara ya kuzunguka ziwa ilikuwa imekatwa na mvua. Nilipomtajia nauli ya wageni aliomba aketi kwenye benchi.

Aliketi pale siku tatu. Jioni alikwenda kulala kwa Walutheri waliompa kitanda, asubuhi nilimkuta mlangoni. Kila siku aliniuliza kwa upole kama kuna yeyote ambaye hatasafiri Alhamisi. Hakujua alikuwa akiuliza nini. Nami nilishindwa kumtazama, maana tiketi mojawapo ya Alhamisi ilikuwa ya kaka yangu.

Kaka yangu alikuwa dereva wa lori la kahawa, nyumbani kwetu Kamachumu. Wakati wa vita aliondoka na mgambo, akavuka mpaka, akarudi mzima, akaoa. Mke wake tulimzika mwaka uliotangulia, migombani nyuma ya nyumba. Sasa yeye mwenyewe alikuwa amekonda hata saa ya mkononi ilimteleza hadi kiwikoni. Ule ugonjwa nyumbani hatukuutaja kwa jina. Mama alisema tu kwamba mwanawe akifika Mwanza atapimwa vizuri, na mimi nilimkatia tiketi ili mama apate kusema hivyo.

Jumatano nilikwenda Kamachumu kumchukua. Nilimkuta kwenye kiti mbele ya nyumba, amejifunika blanketi wakati jua linawaka. Mama alikuwa jikoni akimfungia matoke ya njiani. Nilizungumza ya mjini, na katika kuzungumza nikamtaja yule mama wa benchi. Sikukusudia lolote. Aliniuliza anatoka wapi hasa. Nikamwambia.

Kaka akasema, "Mbarara nililala kitandani kwa mtu wiki tatu. Nguo zao zilikuwa bado zinaning'inia ukutani. Kulikuwa na viatu vya mtoto chini ya kitanda. Mpaka tunaondoka, mwenye nyumba sikumwona." Akavuta blanketi. "Mpe kiti changu."

Nilikasirika. Nilimwambia yule mama hakumtuma mtu kwenda vitani, wala yeye hana deni naye. Alinijibu kwamba haoni anakwenda kufanya nini Mwanza. Alikwishamuuguza mke wake, kila hatua anaijua. Hapo mama akatoka na kifurushi cha matoke. Alikuwa amesikia. Alilia, akamshika mkono, akamwamuru asimame. Kaka hakusimama. Mwishowe nilirudi Bukoba peke yangu, kifurushi kikiwa mapajani.

Alhamisi asubuhi yule mama, niliyempelekea habari usiku kwa Walutheri, alikuwa amefika kiwanjani kabla yangu, na kikapu chake. Niliita majina. Nilipofika kwenye jina la kaka yangu ningeweza kuliruka, lakini rubani alikuwa amesimama karibu, na utaratibu ni utaratibu. Nikaliita mara moja. Nikaliita mara ya pili. Nilimwona akilini amekaa mbele ya nyumba, hai, anasikia kila kitu ila hii sauti yangu. Nikaliita mara ya tatu, na hakuna aliyeitika. Nikamwashiria yule mama apande. Nilimpa na kifurushi.

Mama yangu alipojua, aliniambia neno moja: "Umemwita kama marehemu naye yupo." Tangu siku hiyo aliacha kusema nami. Nilipokwenda nyumbani aliniwekea chakula, akatoka.

Baada ya wiki tano, meli ilipokuwa imeanza tena, yule mama alirudi na binti yake, ambaye sasa anatembea kwa fimbo lakini anatembea. Hakutaka kupitiliza kwenda mpakani kabla ya kumwona mwenye jina alilosafiria. Tulikwenda Kamachumu wote watatu. Mama yangu alitandaza nyasi mbichi sebuleni kama inavyompasa mgeni, akaleta kahawa ya kutafuna, uso ameukunja.

Kaka hakuwahi kupanda ndege. Alitaka kujua huko juu kunaonekanaje. Yule mama alimweleza taratibu: migomba inavyofanana na majani ya chai, visiwa, na jinsi alivyofumba macho ndege ilipogeuka, kwa sababu wakati wa vita sauti ya ndege iliwakimbiza msituni yeye na wanawe. Kaka alimuuliza kama walirudi wakakuta nyumba. Akasema waliikuta. Akamuuliza kama walikuta kitanda. Yule mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamjibu, "Tulikikuta, kimetandikwa."

Sijui kama ilikuwa kweli. Mbarara ni kubwa, na nyumba zilikuwa nyingi. Lakini kaka alifunika uso kwa blanketi, na mama yangu, ambaye hakuwa amemkaribia mgeni tangu alipoingia, alisogea akaketi karibu naye kwenye nyasi.

Kaka alikufa wakati wa kuchuma kahawa, nyumbani, mama akiwa amemshika kichwa. Siku tulipomaliza matanga mama aliniita jikoni tumenye ndizi pamoja. Tulimenya sufuria nzima. Kisha akasema kwamba kule Mwanza angekufa mikononi mwa wageni. Alisema hivyo mara moja tu, bila kuinua macho, akaniomba nichochee moto.