Barabara Iliyopigwa Bandi

Mjomba wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima humwita Inchi Mbili. Hajawahi kushona sare ya shule bila kuacha inchi mbili za pindo, ili mtoto akirefuka sketi ifunguliwe na mzazi apumue. Cherehani yake iko mlangoni, imeelekea barabara, na ng'ambo yake ni dirisha la jiko la mama yangu, mdogo wake. Mimi nimekulia kati ya nyumba hizo mbili.

Enzi hizo, saa nne asubuhi, mama alifungua dirisha akasema, "Kaka, chai." Alisema tu, kama anayeongea na mtu aliye mezani. Mjomba alivuka na vipande vya uzi begani, bila kutazama kulia wala kushoto. Naikumbuka barabara ile mpaka moyo unaniuma. Tulichezea mpira katikati, na gari likija tuliliacha lipite kwa hisani yetu.

Kisha madereva wakagundua kwamba ni njia ya mkato. Yakaja malori, pikipiki na honi, na mama akiita hasikiki. Mwaka juzi pikipiki ikamgonga, akavunjika nyonga, na tangu hapo hakuvuka tena. Mjomba naye macho yamechoka. Basi mjumbe nikawa mimi: kikombe nimekifunika kwa kisahani, nasubiri malori yaishe, nikifika chai imepoa. Mjomba aliinywa hivyo hivyo. Ndugu hao walionana kila siku na hawakuongea.

Ndipo mhandisi wa barabara, dada mmoja mpole, akatuita shuleni. Alitandaza ramani juu ya madawati, akasema barabara itapunguzwa upana na kuwekwa matuta, lakini kivuko cha miguu kitakuwa kimoja tu, kwa hiyo tuchague wenyewe mahali. Mjomba akatoa chaki yake ya kukatia nguo, akachora alama kati ya mlango wake na dirisha la mama. Halafu akawapitia majirani mmoja mmoja kwa maneno matamu mpaka wakakubali. Wangemkataliaje, na nusu yao walikuwa wamevaa mishono yake?

Alikuwa na sharti moja. "Usishone moja kwa moja, binti. Piga bandi kwanza."

Mhandisi hakuelewa. Mjomba akamweleza kwamba bandi ni ushonaji wa muda, wa hatua ndefu, ili nguo ijaribiwe mwilini. Ikibana, unafumua na kitambaa kinabaki kizima. Mhandisi akacheka, akaliandika neno hilo daftarini. Wiki iliyofuata barabara yetu ilipigwa bandi: matairi chakavu pembeni kuibana, mistari ya chokaa ya kivuko mlangoni kwa mjomba. Mama alivuka na mkongojo wake, wakanywa chai pamoja siku nne mfululizo. Sijawahi kumwona mjomba akishona vibaya kama wiki ile, kwa furaha.

Siku ya tano, watoto wa shule walivuka palepale walipozoea, kwenye geti la shule, hatua mia moja kutoka kwetu. Lori likafunga breki. Msichana mmoja aliponea chupuchupu, kiatu chake kikabaki chini ya tairi. Mjomba alipofika pale aliitambua sketi kabla ya uso. Pindo lake la inchi mbili lilikuwa bado halijafunguliwa.

Kwenye mkutano wa pili alisimama wa kwanza.

"Kile cha mlangoni kwangu fumueni," alisema. "Kipelekeni getini."

Mama akaambiwa. Akasema kaka yake amefanya vema, kisha akaingia chumbani. Hatua mia moja kwenda na mia moja kurudi, nyonga yake isingeziweza.

Ujenzi ulichukua miezi mitatu. Asubuhi ya kwanza baada ya matuta, magari yalipita polepole, kimya. Saa nne dirisha likafunguliwa.

"Kaka, chai."

Hakupaza sauti, na mjomba alisikia. Nililia, sioni haya kusema. Aliinuka na vipande vya uzi begani, akaenda mpaka getini, akavuka kwenye kivuko alichokiomba mwenyewe, akarudi upande wa pili. Mama hakumimina mpaka alipomwona mlangoni.

Ilikuwa ya moto.