Nilipopewa Rufaa Nikadhani Nimeshindwa Kesi

Siku ile pale zahanati waliokuwepo ni hawa. Alikuwepo Nyamizi, mwanangu wa kwanza, ndiye aliyenishika mkono. Alikuwepo shemeji yangu Maganga, mdogo wa marehemu mume wangu. Alikuwepo jirani yangu Kalunde, mjumbe wa kamati ya afya ya zahanati yetu huku Tura. Na mganga mfawidhi, Ezekieli, mtu wa Kaliua, ambaye sisi sote tunamwita daktari. Mimi ni Mama Nyamizi. Shule niliishia darasa la nne, lakini majina ya watu hayanipotei.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa miguu. Nalima karanga, nachemsha, nabeba beseni mpaka stesheni. Treni ikisimama natembea dirisha kwa dirisha. Wauza mayai walinitania, "Bibi, tuachie na sisi behewa moja!" Nawajibu, "Anayetaka behewa aamke mapema."

Ugonjwa ulianza na kiu. Nakunywa maji, kiu ipo. Nakojoa, nikikaa kidogo nakojoa tena. Nikakonda, kitenge kikawa kinanizunguka mara mbili. Kisha nyayo zikafa ganzi. Nikasema ni uzee, nani asiyezeeka?

Asubuhi moja Nyamizi alikuwa anafagia, akapiga kelele. "Mama! Damu hii ni ya nani?" Ilikuwa yangu. Msumari umeingia unyayoni na mimi sina habari, naendelea kupepeta karanga. Tukauchomoa. Nikapaka ugoro, maana kwetu kidonda hupakwa ugoro. Kidonda kikanywa ugoro na kisikauke. Mguu ukavimba mpaka kifundo, ngozi ikang'aa kama ya bilinganya. Usaha ukatoka wa kijani. Kidole kidogo kikawa cheusi. Harufu yake, wasomaji wangu, hata mimi mwenyewe nilikuwa nageuza uso. Nzi wakanijua.

Hapo ndipo waliponibeba zahanati. Ezekieli akaniosha kidonda bila kukunja uso, akanitoboa kidole, akapima. Akasema, "Bibi, una sukari, na imepanda sana. Kidonda hiki kimezidi uwezo wetu hapa. Nakupa rufaa."

Nikamtazama. "Rufaa? Kwani nimeshindwa kesi gani?"

Lazima niwaambie, mimi rufaa naijua. Mume wangu alikuwa na kesi ya shamba. Alishindwa barazani, akakata rufaa. Akashindwa tena, akakata tena. Kila alipopanda juu alirudi mdogo kuliko alivyokwenda, mpaka akafa na kesi haijaisha. Kwangu mimi rufaa ni njia ya mtu aliyekwisha kushindwa.

Na Maganga naye, badala ya kunyamaza, akachochea. "Shemeji, wewe fikiri. Rufaa hufanywaje? Hukatwa. Sasa huko wakikata, watakata nini kama si mguu?"

"Baba mdogo, acha utani," Nyamizi akasema.

"Mimi sitanii. Neno lenyewe linasema."

Moyo ukanifa. Nikawaambia wanirudishe nyumbani, bora nife na miguu yangu yote. Ezekieli akasihi, nikakataa. Nikarudishwa.

Nyumbani homa ikapanda. Nilitetemeka mpaka kitanda kikalia. Wekundu ukaanza kupanda kwenye mguu kama moto wa kichaka, na kinenani nikaota tezi. Chakula nilikitapika. Nyamizi alikuwa analia huku akinifuta.

Kalunde akaja. Hakubisha hodi, sisi hatubishiani hodi. Akaketi kitandani pangu, harufu na yote.

"Wewe bibi, ni nani aliyenichagua mimi kwenye kamati?"

"Kijiji."

"Ulinyoosha mkono?"

"Nilinyoosha miwili."

"Basi nisikilize. Korti rufaa unakata wewe, kwa kuwa umeshindwa. Hospitali hukati. Unapewa. Aliyeshindwa pale siyo wewe, ni zahanati."

Kisha nikauliza, kwa nini basi zahanati ishindwe, na daktari tunaye?

Akanieleza alivyofundishwa kwenye kamati. Serikali imegawa kazi za afya kwa ngazi, na kila ngazi ina mpaka wake. Ya chini ni zahanati, inatibu ya kwetu ya kila siku. Juu yake kituo cha afya. Halafu hospitali ya wilaya. Halafu hospitali ya rufaa ya mkoa, pale Tabora mjini. Na zipo nyingine juu zaidi. Wizara inaweka taratibu za nchi nzima, lakini zahanati yetu iko chini ya halmashauri, na mganga mkuu wa wilaya ndiye anayeziangalia zote. Sisi wanakijiji tunaingia kwa kamati. "Ezekieli akikupasua mguu hapa," akasema, "anavunja taratibu na anakuua. Akikupa rufaa, amekufungulia mlango. Huo mlango ni haki yako, mayu, mama yangu, siyo hukumu."

Maganga alikuwa mlangoni. Akakohoa. "Kumbe kukata na kupewa ni vitu viwili."

"Shemeji," nikamwambia, "ulimi wako ungekuwa na ganzi badala ya nyayo zangu, ningekuwa nimeshapona."

Wakacheka. Nikasema, haya, nipelekeni.

Ezekieli akapiga simu wilayani, gari la wagonjwa likaja. Akasema kwa hali yangu tusisimame ngazi za katikati, twende moja kwa moja mkoani. Wakanilaza, chupa ya maji ikaning'inia.

Tabora alinipokea daktari Neema, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu. Akafunua kidonda, akabonyeza, akanusa. Nikamwahi. "Mwanangu, utaukata mguu?"

"Bibi, sikufichi. Kidole hiki kimekufa. Tukikiacha kitaua mguu, na mguu utakuua wewe. Tukikitoa leo, mguu tutaupigania."

"Kitoe."

Wakakitoa. Wakakamua usaha, wakakwangua nyama iliyooza. Siku za kusafisha nililia bila aibu. Muuguzi Tatu, mtu wa Itetemia, ndiye aliyenichoma dawa ya sukari na kunifundisha kula. Alikuwa akiingia ananiambia, "Shikamoo mama wa vidole tisa," nami nacheka, naitika marahaba. Polepole homa ikashuka. Nyama nyekundu ikaanza kuota chini, safi.

Kisha wakanirudisha kwa Ezekieli amalizie kufunga kidonda na kunipima. Korti haijapata kumrudishia mtu kitu namna ile. Mimi nilirudi na mguu. Kidonda kilifunga kikaacha kovu la kukunjamana, na ninatembea. Stesheni nakwenda, taratibu, nimevaa viatu vya kufunika.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Ezekieli aliyejua mpaka wa kazi yake. Nawashukuru Neema, Tatu, Kalunde, Nyamizi, na hata Maganga, aliyenibeba mgongoni mpaka kwenye gari.

Nyinyi wenye kiu isiyoisha na nyayo zenye ganzi, nendeni mkapime. Jitazameni nyayo kila siku, au mtazamwe na wenzenu. Kidonda msikipake ugoro. Na mkipewa rufaa, pandeni gari siku hiyo hiyo.

Kama nimemtia mtu maneno ambayo hakuyasema, au nimekosea nani alitangulia kuingia, waliokuwepo wanirekebishe nikingali hai. Nyumba yangu mnaijua, ng'ambo ya reli. Na kuna jina moja sinalo kabisa. Dereva wa gari lile la wagonjwa, njia nzima alikuwa akigeuka kuniuliza, "Bibi, bado tuko wote?" nami naitika, "Tuko wote, mwanangu." Sikumuuliza anaitwa nani. Anayemjua aniletee jina lake, niliweke pamoja na ya wenzake.