Amplifaya Niliyoichagua kwa Hofu

Pamba ya kwaya ilipouzwa, kikao kiliamua kwamba mimi ndiye niende Mwanza kuchagua amplifaya. Kuanzia siku ile chakula kikawa kinanikaa kifuani.

Shamba lenyewe lilikuwa ekari moja nje kidogo ya Bariadi, na kila mwanakwaya alikuwa amelipalilia. Walipalilia akina mama wenye watoto mgongoni, akapalilia hata mwalimu wa kwaya, ambaye mguu wake mmoja haukunjiki vizuri. Mimi ni muuguzi, na zamu zangu zilinifanya nikose siku nyingi za shambani. Sasa jasho lao lote nilikuwa nimekabidhiwa mimi, nikalibadilishe liwe sanduku moja lenye spika. Kulikuwa na waliotaka sare mpya. Kulikuwa na waliotaka spika kubwa za kusikika mpaka stendi. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyesimama akasema gitaa ninalopiga kwayani limenyamaza miaka miwili na ni dhambi kuliacha. Wakakubali, ingawa mama mmoja wa sauti ya pili aliniambia wakati tunatoka, "Basi, tutasikiliza." Sikujua kama ni baraka au ni onyo.

Gitaa lenyewe halifanani na magitaa mengine. Linakaa juu ya miguu yake kama meza nyembamba, nawe unakaa kwenye kiti mbele yake. Lina nyuzi kumi. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unazidonoa, na chini kuna kanyagio ambazo zikikanyagwa huvuta uzi mmoja au nyuzi mbili, sauti ikapanda taratibu kama mtu anayeinuka kitini. Pembeni kuna kanyagio nyingine ya peke yake, ya kuongeza na kupunguza sauti. Watu wa kwetu husema gitaa hilo linalia. Nililipata kwa daktari mmoja mgeni aliyefanya kazi kwetu miaka mingi. Kila Jumamosi mchana alinifundisha barazani kwake, nyimbo za wachunga ng'ombe wa nchi yake, nami nikamfundisha za kwetu. Alipostaafu akaniachia gitaa pamoja na amplifaya yake. Masika ya kwanza baada ya yeye kuondoka, umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, na amplifaya ikatoa moshi mbele ya macho yangu. Fundi redio wa mjini aliifungua, akanusa, akaifunga.

Tulijaribu kulipitisha gitaa kwenye mikisa ya kanisa, ile ya maikrofoni. Sauti ilitoka nyembamba kama nyuki ndani ya kopo. Nikalifunga kwenye blanketi.

Nilisafiri na mweka hazina wa kwaya, mzee wa kanisa mwenye ng'ombe wengi kule Nkololo, mtu asiye na maneno mengi. Tulibeba na gitaa, kwa sababu daktari alinifundisha kwamba amplifaya huchaguliwi na mtu mwingine, unaichagua mwenyewe kwa chombo chako. Tuliling'oa miguu, tukaliviringisha mablanketi mawili, likalala kwenye buti ya basi. Chini yake kuna vyuma vyembamba vinavyounganisha kanyagio na nyuzi. Kimoja kikipinda, hakuna fundi Kanda ya Ziwa nzima ninayemjua wa kukinyoosha. Lamadi basi liliposimama nilishuka nikamwomba kondakta afungue buti nione. Magu nikashuka tena. Mweka hazina alinitazama, akasema tu, kwa neno letu la kumheshimu mwanamke, "Mayu, litafika."

Njiani aliniuliza kwa nini amplifaya yoyote isifae, maana sauti ni sauti. Nikamweleza kwamba mpiga gitaa hili hafungulii sauti yote mara moja. Anadonoa nyuzi huku kanyagio ya sauti iko nusu, na kadiri nyuzi zinavyofifia, mguu unafungulia zaidi, ili sauti isife. Kwa hiyo amplifaya lazima iwe na nguvu nyingi za akiba, na izitoe bila kukoroma. Amplifaya nyingi za gitaa zimetengenezwa zikorome, maana vijana wanapenda hivyo. Alifikiri mpaka tulipopita mizani ya malori.

"Kama maksai," akasema. "Wa kununua ni yule anayevuta jembe mpaka mwisho wa shamba bila kuhema. Si yule mwenye pembe nzuri."

Nikafurahi, kisha hofu ikarudi, kwa sababu alikuwa ameelewa, na sasa angeweza kujua nikikosea.

Dukani walikuwa na amplifaya tatu za kujaribu. Muuzaji alikuwa mchangamfu, akatusaidia kufunga miguu ya gitaa. Ya kwanza ilikuwa mpya, inang'aa, na vitufe vingi vya kuzungusha. Nilipofungulia mguu kidogo tu ikaanza kukoroma. Mweka hazina akatikisa kichwa kabla yangu. Ya pili ilikuwa mpya pia, ya gitaa la besi, nzito, spika yake pana kama sinia la wali wa watu sita. Haikukoroma hata nilipofungulia mguu wote. Lakini sauti yake ilikuwa kama mtu anayezungumza akiwa amejifunika shuka. Nyuzi za juu zilikuwepo, ila hazikutoka nje.

Ya tatu ilikuwa kuukuu, ya kinanda, kitambaa cha mbele kimechanika kona moja. Nilidonoa nyuzi tatu, nikaacha. Daktari alinifundisha kwamba kipimo kiko kwenye mwisho wa sauti, namna inavyokufa. Pale ilikufa polepole, safi, mpaka sikujua ilikoishia. Nilihisi machozi. Nikapiga tena, muuzaji akatabasamu.

Mweka hazina hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameinama, anaufuata waya wa umeme kwa macho, kama anavyokagua kwato za ng'ombe mnadani. Waya uliingia chini ya kaunta, ukaishia kwenye kisanduku cha chuma, na kisanduku ndicho kilichochomekwa ukutani.

"Hiki ni cha nini?" akauliza.

Muuzaji akaeleza, bila haraka, kwamba amplifaya ile ilitoka nchi ambayo umeme wake ni nusu ya wetu, na kisanduku kinaupunguza. Angetupatia na kisanduku. Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema alikuwa anangoja tuipende kwanza.

Nikaona kanisani kwetu, Jumapili yenye wageni, mtu mwema anataka kusaidia, anachomeka waya moja kwa moja ukutani. Nikaona moshi. Nikanusa ile harufu ya miaka miwili nyuma. Nilimpigia daktari, simu ikaita mpaka ikakata. Kwao ilikuwa bado alfajiri. Nikamwachia ujumbe, nikasimama pale katikati ya amplifaya mbili. Bei zilikaribiana, kwa hiyo hata hiyo haikunisaidia. Mweka hazina akasema yeye amekuja kushika mfuko, sikio ni langu.

Nikachagua ya besi. Nilijiambia ni busara: ni mpya, inakula umeme wetu, haina kisanduku. Lakini nilijua pale pale kwamba hofu ndiyo iliyochagua.

Tulikuwa tumeipita Magu, tunarudi, ujumbe wa daktari ulipoingia. Nikaweka simu sikioni. Sauti yake ilikuwa ya usingizi bado. Alisema kama kuna ya kinanda niichukue hata kama ni kuukuu, na ya besi niiache, kwa sababu inameza nyuzi za juu. Kuhusu umeme nisiogope, kisanduku kinatosha, yeye mwenyewe alitumia kimoja miaka yote, alikifunga ndani ya ile amplifaya yake, ndiyo maana sikuwahi kukiona.

Nikaishusha simu.

"Daktari anasemaje?" mweka hazina akauliza.

"Anasalimia," nikasema.

Wiki mbili zilizofuata nilifanya mazoezi sebuleni kila nikitoka zamu. Nilizungusha vitufe vyote. Niliipandisha amplifaya juu ya kiti isingurume sakafuni, nikaigeuza ikaelekea ukutani, kisha mlangoni. Ilisaidia kidogo. Kwenye mazoezi ya kwaya watu walisema ni nzuri, kwa ile sauti ya kumsifia mgonjwa kwamba amenenepa. Tulikuwa tumealikwa ibada ya mavuno Nkololo, na kila siku iliyosogea nilizidi kuona kwamba nitakwenda kupiga mbele ya watu kwa jasho lao nililolipoteza, na uongo juu yake.

Siku ya mapumziko nilipanda bodaboda nikamfuata mweka hazina kwake. Nilimkuta zizini. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, hata kiti sikungoja.

Alimpangusa ndama pua.

"Nilijua," akasema. "Mtu aliyesalimiwa hashushi simu namna ile. Mayu, kukosea kuchagua kulikuwa kwetu wote, nami nilikuwepo. Kunidanganya ni kwako. Utawaambia mwenyewe."

Niliwaambia Alhamisi, kabla ya mazoezi. Nilisema kwamba kulikuwa na iliyo bora, kwamba niliiogopa, na kwamba nilificha. Hakuna aliyepaza sauti. Mwalimu wa kwaya akauliza kama duka litairudisha. Mweka hazina alikuwa ameshawapigia, wamekataa. Nikahesabu matofali ya ukuta wa mbele. Kisha yule mama wa sauti ya pili akauliza kama fundi redio ameiona. Sikuwa nimefikiria hata kumwonyesha.

Fundi aliisikiliza mikono ikiwa mfukoni. Akasema spika ile ni kubwa mno kwa sauti za juu, inahitaji mwenzake mdogo. Alikuwa nayo, spika ndogo aliyoitoa kwenye redio kubwa iliyokufa. Ila ingebidi atoboe tundu mbele ya sanduku. Nikauliza akikosea itakuwaje. Akasema itakuwa sanduku lenye tundu. Nikampigia mweka hazina, akasema toboeni. Msumeno ulipoanza kula ubao mpya nilitoka nje nikasimama kwenye jua, karibu na pikipiki, nikiwatazama watu wanaopita na magunia yao ambao hawakuwa na shida yangu.

Aliponiita ndani, nilidonoa uzi wa juu kabisa. Ukatoka. Haukuwa ule wa dukani Mwanza, na wala hautakuwa. Ulikuwa na ukwaruzo kidogo pembeni, lakini ulikuwa umetoka chini ya shuka.

Nkololo tulitumia jenereta. Kanisa lilijaa, na magunia ya mahindi na mpunga yalipangwa mbele mpaka karibu na miguu yangu. Zamu ya gitaa ilipofika nilikanyaga, sauti ikapanda, nikafungulia mguu polepole mpaka mwisho, nikingoja kukoroma. Haikukoroma. Kwaya ikaingia juu yake, na kwa mara ya kwanza tangu pamba iuzwe nilisahau vitufe.

Baada ya ibada, wengine wakiwa kwenye wali, nilibaki kukunja waya, ule wa gitaa ukiwa bado umechomekwa. Alikuja mwanamke wa rika langu, mkulima wa pale, viganja vimepasuka. Akauliza ile sauti inapandaje bila mtu kuigusa. Nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamwonyesha kanyagio. Alivua ndala, akakanyaga kwa kidole kimoja, nikamdonolea uzi. Sauti ilipoinuka aliutoa mguu haraka, akautazama, akaurudisha.