Usiongeze Pole

Jumanne, tarehe 9 Julai. Ukungu haukuondoka hadi saa nne, na baridi ilikuwa ile ya vidole kukataa kukunja. Kahawa mbivu tuliiacha mtini, mimi na mdogo wangu tukachukua bodaboda mbili kutoka Litembo hadi Mbinga mjini. Mtihani wake ulikuwa wa kwenye kompyuta, na kijijini kwetu mtandao huja na kuondoka unavyotaka.

Mdogo wangu anatunza wazee Australia. Kibali chake kinaisha mwisho wa mwaka. Ili apewe cha kukaa moja kwa moja, wanahesabu pointi: umri, elimu, kazi. Zake zimepungua kidogo. Anayefaulu mtihani wa ukalimani wa lugha yake huongezewa, na zile ndizo zilizobaki. Akishindwa, anarudi huku kuanza upya. Alikuja likizo, na siku ya mtihani ikamkuta hapa.

Kwenye mtihani unasikia watu wawili, mmoja anasema Kiingereza, mwingine Kiswahili, nawe unamfikishia kila mmoja maneno ya mwenzake. Usipunguze, usiongeze. Wiki nzima tulifanya mazoezi. Kiingereza kilitoka kwenye simu, mimi niliyeishia darasa la saba nikashika karatasi yenye majibu ya Kiswahili. Karatasi ikisema, "Figo zako hazitapona," yeye anasema, "Pole sana mama, figo zimechoka kidogo, tuzidi kumwomba Mungu."

"Pole haimo," namwambia.

"Dada, utamwambiaje mtu mzima figo zake zimekufa bila pole?"

"Na Mungu naye hayumo."

"Hata Mungu nimfukuze?"

Tulicheka, lakini kesho yake alirudia vilevile. Simlaumu. Kwetu ukipewa neno gumu umpelekee mkubwa, hulifikishi lilivyo. Unatanguliza pole, unalizungusha, la mwisho unamwachia alikisie mwenyewe.

Leo asubuhi, tukinywa chai kwenye nyumba ya wageni mjini alikokodi chumba cha kufanyia mtihani, tukajaribu mara ya mwisho. Akaongeza tena. Nikasema bila kufikiri, "Ndivyo ulivyomfanyia mama."

Aliweka kikombe chini. Saa ya mtihani ilikuwa imefika, akaingia chumbani kwenye kompyuta akafunga mlango.

Nieleze. Mama anajua Kimatengo, Kiswahili chake ni cha salamu tu. Mdogo wangu alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na tano, tulipompeleka hospitali kwa ajili ya jicho. Yeye ndiye aliyekuwa na Kiswahili chepesi, akawa mkalimani. Muuguzi alisema jicho la kushoto halitaona tena. Mdogo wangu akamwambia mama, "Anakupa pole, jicho litachukua muda." Muuguzi hakuwa na kosa, alisema wazi na foleni ilikuwa ndefu. Mdogo wangu alifanya kama alivyolelewa. Mimi nilisikia yote mawili, nimeshika kikapu, nikanyamaza. Tangu hapo mama anangoja. Hata samaki hataki tumtolee miiba. "Acheni," husema, "jicho linakuja."

Nilizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikaenda getini, nikarudi, nikakaa, nikasimama. Nilimwambia kwa faida yake, au nilichoka kubaki peke yangu na lile neno? Na nisijifanye mwema: kuna upande wangu usiotaka aondoke tena. Mama amezeeka, shamba ni kubwa, mikono ni yangu miwili. Labda ulimi wangu ulikuwa unafanya kazi ya upande huo. Sijui. Nikiandika hapa bado sijui.

Alipotoka, uso ulikuwa umekauka.

"Mazungumzo ya pili yalikuwa ya hospitali," akasema.

"Ikawaje?"

"Nilikwama. Wanaruhusu kurudiwa mara moja, nikaomba wanirudie. Halafu nikalisema lilivyo."

"Bila pole?"

"Haikuwamo, dada."

"Kwa hiyo umefaulu?"

"Majibu ni baada ya wiki kadhaa. Usiniulize mpaka nikuambie mwenyewe." Akavaa kofia ya bodaboda, na njia nzima hakugeuka kunitazama.

Nyumbani mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Tukamwamkia. Akamuuliza mdogo wangu kwa Kimatengo, "Umewashinda hao?"

Mdogo wangu akavuta kigoda, akakaa mbele yake. "Mama, siku ile hospitali, muuguzi alisema jicho la kushoto halitaona tena. Hakusema litachukua muda. Hilo nililisema mimi."

Nilingoja aongeze kitu. Hakuongeza.

Mkono wa mama ulibaki juu ya maharage. "Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Wewe ulikuwa mtoto." Kisha akanigeuzia jicho lile zima. "Na huyu mkubwa, hakuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Mh."

Akachambua tena, akatupa mawe mawili, la tatu akaliangalia muda mrefu. Nilitaka anigombeze, hakunigombeza. Ndipo akamuuliza mdogo wangu, "Huko unakotaka kukaa, wanatafuta watu wa kusema maneno namna hiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi watakuchukua."

Mdogo wangu akacheka, halafu akajifuta macho kwa kanga. Mimi nilikwenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Jioni tulikula ugali, maharage, na samaki mkavu, mbasa aliyetoka ziwani, Mbamba Bay. Mama alinisogezea sahani yake nimtolee miiba. Nilipapasa ile minofu mara mbili, mara tatu, mpaka akasema ugali unapoa.