Sweta la Mchina wa Tumpe

Enzi zetu pale Nkunga, sinema tuliisikia kwanza, kuiona baadaye. Wengi hatukuiona kabisa, lakini tungekuapia kwamba tumeiona. Naandika haya huku najishuku, maana mimi niliishia darasa la saba. Ila binti yangu anayesoma chuo aliniambia juzi kwamba wasomi wanabishana tangu zamani kama picha ya kichwani ni kitu au si kitu, na kama unayoiona wewe ndiyo ninayoiona mimi. Nikacheka. Mambo hayo sisi tuliyabishania jikoni, tukipukuchua mahindi.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya Tukuyu yalianza kujaa sabuni za kila harufu, mitumba ikamwagwa juu ya maturubai, na nyuma ya soko mtu mmoja akafungua banda la video, kuta za mabanzi, pazia jeusi mlangoni. Sisi wa kijijini tulikuwa na mwakilishi mmoja tu pale bandani: Tumpe, msichana wa jirani, mwenye mwanya na sauti ya kukwaruza. Siku za soko alifuatana na shangazi yake kuuza ndizi za kuchoma pembeni mwa lile banda. Kesho yake anatusimulia.

Mahali petu palikuwa jikoni kwa mama. Nje ukungu umeshuka mpaka migombani, hata choo hukioni. Ndani moto, moshi, makande yanatokota, na vidole gumba vinawaka kwa kupukuchua. Tumpe alipewa kigoda cha karibu na moto na mahindi hagusi. Huo ndio ulikuwa ujira wake. Mchina wa sinema yake alivaa sweta zito na gambuti. Hatukushangaa. Huku kwetu nani atatoka nje bila hivyo?

"Akapanda mlima," anasema, "ukungu umefunga, haoni hata mkono wake. Mara anasikia kwach, kwach, kwach, kwenye majani makavu ya mgomba!"

Tunaacha kupumua. Mama naye, anayejifanya anakoroga chungu, kasimamisha mwiko hewani.

Sasa kaka yangu Lusajo akaja kuingia bandani. Mjomba wetu wa Isongole alileta viazi sokoni, Lusajo akamsaidia kubeba, mjomba akamlipia sinema. Alirudi nyumbani na uso wa hakimu, akatukuta jikoni, Tumpe yuko kwenye kigoda chake.

"Hana sweta," akasema hata kabla ya kukaa.

"Nani?" mama akauliza.

"Mchina! Yuko kifua wazi mwanzo mpaka mwisho. Gambuti hana, na mgomba hakuna hata mmoja. Tumpe mwongo! Mwenye banda kasema hajawahi kumwona mle ndani. Anakaa nje na shangazi yake, anasikiliza ukutani!"

"Kifua wazi na baridi hii?" mama akasema. "Mama yake yuko wapi?"

Tumpe hakucheka. Akainuka. "Haya. Simulia wewe uliyeona."

Lusajo akakohoa. "Wanapigana. Halafu... wanapigana. Halafu anakuja mwingine, wanapigana naye."

"Halafu?"

"Basi. Wanapigana."

Kwa haki niseme: Lusajo alisema kweli tupu, na Tumpe kweli alikuwa anasikia sauti tu, tena za lugha asiyoijua hata neno. Sijui kama huo ni uongo. Mpaka leo sijui. Nilichojua siku ile ni kwamba Tumpe amejifunika kanga kichwani na yuko mlangoni.

"Sirudi tena," akasema. "Pukuchueni na ukweli wenu."

Masika ya Rungwe hayana haraka ya kuisha, na bila Tumpe tungebaki na mahindi tu. Nikaropoka, si kwa busara, kwa hofu: "Tumpe, lile sweta lilikuwa jekundu, si ndiyo?"

"Jekundu?" Lusajo akaruka. "Acha ujinga! Lilikuwa la kijani, lenye kola!"

Mama akaweka mwiko chini.

"We Lusajo, si umesema hana sweta?"

"Hana," Lusajo akajibu, jasho linamtoka. "Lakini alipokuwa nalo, lilikuwa la kijani."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Wote hamjui," akasema akijifuta machozi. "La kahawia lile. Limechanika kiwiko."

Tumpe aligeuka pale mlangoni, mwanya wote nje. "Mimi rangi sikuwahi kusema."

Na kweli hakuwahi. Langu jekundu lilining'inia kwa muuza mitumba, nilikuwa nalisalimia kila siku ya soko. La kijani la Lusajo lilikuwa la baba. La mama sijui alilitoa wapi. Mama akakisogeza kigoda kwa mguu. "Kaa, mwanangu. Huko mlimani alifika?"

Tumpe akakaa. Lusajo ndiye aliyempelekea ndizi kutoka motoni.

Siku hizi wajukuu wanaona kila kitu kwenye simu, na rangi zake. Siwalaumu. Wanajua mengi tusiyoyajua, na vidole gumba vyao vinauma kwa sababu nyingine. Ila sijawasikia wakigombania rangi ya kitu. Wote wameona kimoja.

Wiki iliyopita Tumpe alishuka kwenye bodaboda na ndizi zake, kuja kumwona mama. Macho ya mama yamefifia, hata sura zetu anazipapasa. Alipoisikia ile sauti ya kukwaruza akauliza papo hapo: "Tumpe, yule Mchina alishonewa kiwiko?"

"Alishonewa, mama. Kwa uzi wa kahawia."

"Ndaga," mama akashukuru, akaegemea kiti.

Wajukuu wakainua vichwa. "Mchina gani? Tuonyesheni!"

Tukatazamana. Lusajo akajibu, "Wa sweta la kijani," na ugomvi ukaanza upya.