Gari la Baba na Mlima wa Kariandusi

Gari lilianza kuchemka, na wiki hiyohiyo mtu mmoja wa mtaa wa Free Area, hapa Nakuru, akarudi kuniuliza kama bado haliuzwi. Mimi nilikuwa nimemweleza mtu mmoja tu kwamba linachemka, naye ni fundi wangu.

Ni gari la zamani la dizeli, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Baba alilinunua kwenye mnada wa shamba upande wa Elmenteita nikiwa bado shule ya msingi. Humo ndimo nilimojifunza kutapika kwa adabu, kichwa nje ya dirisha, na humo ndimo nilimojifunza kuendesha. Baba alipofariki nililichukua mimi. Ndugu zangu wana kazi zao. Mimi nina miguu isiyotulia. Nimelala ndani yake Longonot, Marigat na Maralal, na kila nikikaa nyumbani muda mrefu naanza kutafuta ugomvi na watu wasio na hatia.

Yule mtu wa Free Area hununua magari yaliyochoka na kuyauza yakiwa yamepakwa rangi. Hili alilitaka hata kabla ya matanga kuisha. Alilizunguka akigongagonga mabati huku watu wakiimba. Safari hii nilichoka naye. Nikamwambia, "Jumamosi nalipandisha Kariandusi mpaka Gilgil. Likifika bila kuchemka, usiniulize tena. Likichemka, ni lako kwa bei yako."

Akacheka haraka mno. "Sawa boss. Umesema mwenyewe."

Kwetu mtu hapeleki gari kwa fundi kisha aende zake. Unaketi juu ya tairi kuukuu, unaagiza chai, na unatazama mikono, kwa sababu kila mtu ana hadithi ya binamu aliyeacha betri mpya akarudi akakuta betri maiti. Nilikuwa nimesoma na fundi huyu sekondari, naye ndiye aliyekuwa akilitengeneza gari tangu enzi za baba, lakini siku hiyo nilisogeza tairi langu karibu kuliko kawaida.

"Niaje," akasema. "Umekuja kutengeneza gari ama kufanya ukaguzi?"

"Nimekuja kuona."

"Kuona nini? Injini haina sinema."

Akawasha, akasikiliza kidogo, akafuta mikono. "Ni gasketi. Imeungua. Hii injini imefika mwisho. Ningekuwa wewe ningeuza."

"Ungemuuzia nani?"

"Yeyote tu." Hakunitazama aliposema hivyo.

Nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Gasketi, ile karatasi ngumu inayotenga maji na oili ndani ya injini, ikiungua, maji huingia kwenye oili, nayo huwa kama chai ya maziwa. Yangu ilikuwa nyeusi safi. Injini ilipopoa nikafungua kifuniko cha rejeta, nikamwambia awashe tena, nikainamia maji nikitafuta povu, dalili ya pili. Hapakuwa na povu.

"Gasketi gani hiyo?"

"Zingine zinajificha, bwana."

Basi tukasafisha rejeta, iliyokuwa imejaa nyasi kavu na vumbi jeupe la machimbo ya Kariandusi. Tukabadilisha kifuniko. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza, na feni ilizunguka vizuri. Kesho yake nikalijaribu peke yangu, na kwenye kona ileile ya mlimani lilikoanzia kuchemka, mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Nikaegesha mvuke ukitoka chini ya boneti. Dereva wa lori la mchanga akapunguza mwendo ili tu anipigie kelele: "Mzee! Hiyo githeri itaiva saa ngapi?"

Nilikuwa na muda wa kufikiri. Kutoka Lanet hadi Mbaruk, kwenye tambarare, mshale ulikuwa umelala chini kabisa. Hata asubuhi injini ilichukua muda mrefu mno kupata joto. Gari linalochemka mlimani na kuganda kwenye tambarare lina ugonjwa wa aina yake. Nikajiuliza pia kama fundi alikuwa ameliona hilo akanyamaza.

Niliporudi kwake, nikamwonyesha pale mpira wa juu wa maji unapoingia kwenye injini. "Fungua hapa."

"Hapo hakuna kitu."

"Basi hutachoka. Fungua."

Akafungua nati taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa jirani. Kweli hapakuwa na kitu. Panapotakiwa kukaa thamostati, kile kilango kidogo kinachofunguka maji yakipata moto, palikuwa wazi kama dirisha lisilo na kioo.

"Nani aliitoa?"

"Mimi. Mzee wako ndiye aliyeniambia nitoe. Hiyo ni ya nchi za baridi, boss. Kila mtu hapa huitoa."

Hilo ni kweli. Mafundi wengi wa huku gari likipata joto kidogo tu hukitoa kilango hicho na kukitupa, na magari mengi husamehe. Lakini niliinama nikachungulia, nikaona ndani kuna midomo miwili: mmoja wa kwenda kwenye rejeta, mwingine mdogo wa kurudi moja kwa moja kwenye injini. Maji ni kama watu, yakiona njia ya mkato huifuata. Kilango kikiwepo, kikifungua mdomo mmoja huuziba ule mwingine. Bila hicho, sehemu ya maji ilikuwa ikizunguka ndani tu na moto wake bila kuiona rejeta.

Nikamweleza. Akasema, "Ukiweka thamostati utaipika kabisa."

Kama baba alisema kweli itolewe, sitajua kamwe, wala ilitolewa lini. Nikaenda mjini nikanunua mpya, nikamtazama akiifunga, na Jumamosi nikamwambia apande.

"Mimi? Nina kazi."

"Panda. Likichemka nataka uwe karibu."

Tukapita Mbaruk bila maneno. Mshale ulisimama katikati, mahali ambapo sikuwa nimeuona kwa muda mrefu. Tulipoanza mlima nikaingiza gia ya chini. Simu yake ikalia. Akaitazama, akaizima.

"Si ushike?"

"Ni mteja tu."

Tukapita kona ile. Mshale ukasogea kidogo, kisha ukarudi katikati ukatulia. Tulipoona nyumba za Gilgil simu yangu mwenyewe ikalia. Nikaegesha. Ilikuwa ni yule mtu wa Free Area.

"Imechemka wapi?" akauliza.

Hakuuliza kama limefika.

"Haijachemka," nikasema. "Niko Gilgil."

Akasema, "Hebu nipe fundi niongee naye."

Sikuwa nimemwambia kwamba niko na fundi. Nikamgeukia fundi kando yangu. Alikuwa ametazama dirishani, huko chini ziwa linakoonekana, kama mtu anayehesabu flamingo. Sauti ya simu yangu ni kubwa, lazima alisikia. Nikasema gari haliuzwi, nikakata.

"Mimi sikumwambia kitu," fundi akasema.

"Nani amekuuliza?"

Nikawasha indiketa, nikaingia barabarani tena, upande wa Naivasha, mbali zaidi na nyumbani.

"Nakuru ni nyuma," akasema.

"Najua."